Uvimbe wako umepelekwa wapi? Uliza kabla hujatoka hospitali

Siku zangu zilikoma nikiwa na miaka 50. Miaka minne baadaye, nimekaa uani nyumbani Ngamiani nachambua mchele, nikaona damu kwenye kanga. Kidogo tu. Bibi jirani akaniambia, "Mwanangu, hiyo hedhi inaaga." Nikakaa nayo miezi mitatu. Wanawake wenzangu, hedhi ikishakoma mwaka mzima kisha ukaona damu, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi si saratani, lakini si ya kukaa nayo.

Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye kizazi. Nikaambiwa ni faibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, nikashusha pumzi, maana hapa Tanga nani hana dada au shangazi mwenye faibroidi? Tena mwaka ule ule nilikuwa nimepimwa mlango wa kizazi nikaonekana mzima. Sikujua kwamba kipimo kile kinatazama mlango, hakiingii ndani ya nyumba. Wala sikujua kwamba faibroidi hulishwa na homoni, na hedhi ikikoma kwa kawaida husinyaa. Wangu ulikuwa unakua.

Nikapasuliwa, kizazi kikatolewa chote. Mdogo wangu akakabidhiwa kopo la plastiki, nyama yangu inaelea ndani ya formalini, dawa ya kuizuia isioze, jina langu limeandikwa kwa kalamu kwenye plasta juu ya mfuniko. Akaambiwa alipeleke maabara. Njia nzima alilipakata, hakuliweka chini.

Kisha tukasahau. Kidonda kikapona, nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Majibu yalikuwa yamekaa ndani ya faili na hakuna aliyenipigia simu, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Wiki ya saba mdogo wangu akauliza, "Dada, lile kopo tulilipia. Majibu yake yako wapi?"

Leiomiosakoma. Daktari alilitamka mara mbili, kisha akaniandikia kwenye karatasi. Ni saratani ya msuli wenyewe wa kizazi, ni adimu, na kwenye picha inafanana mno na faibroidi. Hata ukichukuliwa kinyama kutoka ukuta wa ndani inaweza isionekane, kwa sababu imejificha katikati ya msuli. Anayeithibitisha ni mtaalamu wa patholojia kwenye darubini: anatazama maumbo ya seli, anahesabu zinazogawanyika, anatafuta sehemu zilizokufa. Lile kopo lilisema ambacho picha zangu zote hazikuweza kusema.

Nikapewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Nikapigwa CT ya kifua, picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, maana saratani hii husafiri kwa damu na hupenda mapafu. Vipande vyangu vilivyohifadhiwa kwenye nta vikaombwa visomwe upya. Na wewe unaweza kuomba hivyo, si kumdharau daktari.

Kama utatolewa uvimbe kwa matundu madogo, muulize daktari iwapo utasagwa ndani ya tumbo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu mashine za kusaga, kwani zinaweza kutawanya saratani isiyojulikana. Uliza pia kinyama kinakwenda maabara gani, majibu yanatoka lini, nani anayafuata. Kisha chukua nakala. Yangu iko kabatini pamoja na hati ya kiwanja, na mdogo wangu anajua ufunguo ulipo.