Saratani iliyofika kwenye pingili: upasuaji wa matundu madogo unatibu nini hasa

Ndugu, umeuliza kama mama, mwenye saratani ya titi iliyofika mgongoni, akiwekewa skrubu na saruji ya kitabibu (inayogandia ndani ya mfupa) kupitia matundu madogo atakuwa ameondolewa ugonjwa. Hapana. Upasuaji huu unarekebisha mambo mawili tu: pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) iliyoliwa hadi haibebi uzito, na uvimbe unaobana ugwe mgongo, yaani fungu la neva linalopita ndani ya uti huo. Seli za saratani zinaachiwa mionzi na dawa.

Kwa hiyo kwanza ujue tatizo lake ni lipi kati ya hayo. Maumivu yanayopanda akiketi au kusimama na kutulia akilala yanaelekeza kwenye mfupa uliolegea, na mionzi haiusimamishi mfupa huo kwa haraka. Madaktari hutumia alama za SINS, kipimo cha uimara wa mgongo wenye saratani, 0 hadi 18: mpaka 6 mgongo ni imara, 7 hadi 12 una mashaka, 13 na zaidi umelegea. Muulize mama amepewa ngapi.

Pingili ikiwa imebonyea tu, ukuta wake wa nyuma mzima na ugwe haujabanwa, saruji peke yake mara nyingi inatosha. Sindano nene inaingizwa huku eksirei ikionyesha njia, kisha zinasukumwa mililita chache za saruji. Wengine hujaza puto kwanza ili saruji ikute nafasi na isihitaji nguvu. Ikisukumwa ingali nyepesi inatoroka, ama kwenye mfereji wa ugwe ama kupitia vena hadi mapafuni, ndiyo maana husubiriwa iwe nzito kama dawa ya meno.

Skrubu ni kazi ngumu zaidi. Kila moja ina chale yake ya takriban sentimita 1.5 hadi 2: sindano, waya ndani ya sindano, kisha skrubu yenye uwazi katikati inateleza juu ya waya. Kosa la kuogopwa ni waya kusukumwa mbele pamoja na skrubu ukatoboa pingili na kufikia mishipa mikubwa ya damu, hivyo picha hupigwa karibu kila hatua. Mfupa ukiwa laini skrubu hung'oka. Dawa yake ni skrubu zenye vitundu vya pembeni vinavyopitisha saruji.

Ugwe ukibanwa, skrubu hazitoshi. Mpasuaji huondoa uvimbe ulioukumbatia ugwe, akiacha mwanya wa milimita 2 au 3 hivi, ili mionzi mikali iupige uvimbe uliobaki bila kuunguza ugwe. Utafiti wa mwaka 2005, wa upasuaji wa wazi, ulionyesha kuwa asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha kupigwa mionzi waliweza kutembea, dhidi ya 57 ya waliopata mionzi pekee. Limfoma na mailoma, ambazo ni saratani za seli za damu, ni tofauti, zinayeyuka vizuri kwa mionzi, kwa hiyo mara nyingi huanzia huko.

Faida kubwa ya chale ndogo, kwa maoni yangu, si kovu. Ni muda. Misuli haibanduliwi, damu hupotea kidogo, na mionzi huweza kuanza mapema kuliko pale panaposubiriwa kidonda kirefu kifunge. Kwa mgonjwa wa saratani wiki hizo zina uzito. Uvimbe uliotoka kwenye figo au tezi ya shingo hutoa damu nyingi, na mara nyingi mishipa inayoulisha huzibwa siku moja au mbili kabla.

Miguu ikianza kulegea, ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukigoma, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Huanzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ugwe, na kupigwa picha ya MRI ya mgongo mzima, maana pingili nyingine inaweza kuwa imeguswa bila kuuma.

Mwisho, uliza skrubu ni za nini. Za titani, ambayo ni metali, huacha kivuli kwenye picha na kusumbua upangaji wa mionzi. Za nyuzi za kaboni huacha kivuli kidogo, ila hazipatikani kila mahali.