Kwa maadmini wapya wa magrupu ya wafugaji wa kuku

Wadogo zangu, kila linapozaliwa grupu jipya la wafugaji WhatsApp, admini anafanya lile lile: anaimwaga linki Facebook, kisha anashangilia watu mia tano ndani ya siku mbili. Ndiyo, grupu linabeba watu 1,024, lakini nani kawaambia lazima lijae?

1. Fungeni mlango kwanza. Linki ikishamwagwa hadharani, matapeli huwahi kuingia, maana kuzisaka ndiyo kazi yao. Tapeli haandiki kitu. Anasoma nani anatafuta vifaranga, kisha anamfuata inboksi akiwa ameweka picha yako, wewe admini. "Vifaranga wa Kuroiler wa wiki 2 wapo, lipa nusu, mzigo unapanda basi kesho." Mama wa watu anachukua mkopo wa kikoba, anatuma hela. Alfajiri yuko stendi: boksi hakuna, simu haipatikani. Atakulaumu wewe, na ana haki, kwa sababu aliamini jina lako. Akitoka, anatoka na wenzake wote wa kikoba. Waliobaki wanaogopa kutaja wanachotafuta, na hapo grupu limeshakufa hata kama namba bado zimo.

Kwa hiyo badilisha linki leo, na washa idhini ya admini kwa kila anayejiunga. Muulize: uko wilaya gani, una kuku wangapi na wa aina gani, nani amekuelekeza? Mfugaji wa kweli atajibu mpaka rangi ya banda. Tapeli atasema "naomba kuunganishwa mkuu" basi. Majina ya wauzaji ambao wanachama wameshapokea mzigo wao yaandikwe kwenye maelezo ya grupu, kwa sababu ujumbe uliobandikwa juu hukaa siku 30 tu, mwisho. Na hapo hapo andika: hakuna admini anayeuza kitu inboksi.

2. Swali likamilike kabla ya kujibiwa. "Kuku wanazubaa, niwape dawa gani?" huvuta majibu kumi, kila moja na antibiotiki yake. Dai umri, idadi, vifo na vilianza lini, chanjo na tarehe zake, picha ya kuku na ya kinyesi iliyopigwa mchana. Kifaranga wa wiki 4 anayeharisha damu, wazo la kwanza ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Anayeharisha kijani huku shingo imepinda, fikiria kideri (Newcastle), na kideri ni virusi: antibiotiki haikitibu, mfugaji atamaliza hela na kuku pamoja. Dawa iandikwe na mtaalamu wa mifugo. Mtafuteni mmoja, mchangieni bando, na mwacheni alale usiku. Halafu, jamani, aliyesaidiwa arudi kusema kuku walipona au walikufa. Bila mrejesho huo grupu haliongezi ujuzi wowote, linarudia tu swali lile lile kila wiki.

3. Waunganisheni kwa kata. Waliopokea vifaranga wiki moja wajitaje, admini awakumbushe chanjo: ya kideri siku ya 7, ya gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi) siku ya 14, kideri tena ya 21, gumboro ya 28. Kikopo cha chanjo huwa na dozi 100, 200 au zaidi, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 2. Mwenye vifaranga 40 anaona hasara, anaruka chanjo, na hapo ndipo kideri kinapoingia mtaani. Watano wa kata moja wakichangia kikopo, gharama inapungua na wanafahamiana kwa sura. Wagawane dukani, kila mtu na chupa yake safi na barafu. Wasikutane bandani kwa mtu, viatu hubeba ugonjwa.

4. Matangazo Ijumaa tu. Siasa na jumbe za kufowadi, futa bila kuomba radhi. Admini anaweza kufuta ujumbe wa yeyote.