Historia ya Mombasa imekaa pembeni mwa vitabu

Nikitaja tu historia ya mji wetu, hakosi mtu wa kuniuliza, "Basi nisome kitabu gani?" Anataka kimoja, kinene, chenye kila kitu tangu enzi za Mwana Mkisi, malkia anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa mji, hadi reli ya SGR. Kitabu hicho hakipo, na hata kingekuwepo nisingemshauri aanze nacho. Kwa muda wote niliosoma vitabu vya mambo ya kweli, nimeona kwamba yaliyosahaulika kuhusu Mombasa ni nadra kuyakuta kwenye sura kuu. Yako pembeni. Mwandishi alikuwa na shughuli yake nyingine kabisa, akataja jambo kwa kupita, na hilo alilolipita ndilo tunalolihitaji leo.

Mchukue Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Alitia nanga hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Wanaomnukuu hupenda kusema kwamba aliwakuta watu wa Mombasa ni wacha Mungu wa madhehebu ya Shafii, na wanaishia hapo. Endelea kusoma. Anasema kisiwani hakulimwi nafaka, huletwa kutoka ng'ambo, na chakula cha wenyeji ni ndizi na samaki. Anasema watu hutembea miguu mitupu. Kwenye mlango wa kila msikiti kuna kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu, maji yanatekwa kwa chombo cha mbao kilichotiwa mpini mwembamba, na sakafu imetandazwa kuzunguka kisima. Anayetaka kuingia huosha miguu, kisha huipangusa kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Msafiri wa usiku mmoja ametuachia picha ambayo vitabu vingi vya wafalme na vita havina. Na ile sentensi ya nafaka ina uzito wake. Karibu miaka 700 iliyopita kisiwa kilikuwa tayari kinalishwa na watu wa nje yake. Pita soko la Kongowea alfajiri, malori ya vyakula yakishusha mizigo, uone kama hali imebadilika sana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: punguza mwendo pale mwandishi anapoongeza wake. Akianza kueleza chakula, maji, mavazi, ujira au kodi ya nyumba, hapo ndipo pa kushika penseli. Mwandishi hujipanga kwa hoja zake kuu, na ndizo anazotaka uzikubali. Mambo madogo anayaandika bila kujipanga, ndiyo maana mimi huyaamini zaidi.

Jambo la pili ni wapi pa kuanzia. Anzia kwenye jina unalolitamka kila siku. Makondakta wa matatu za Nyali na Kisauni wanaita "Kengeleni" kutwa nzima, na kengele yenyewe bado ipo pale njia panda. Ukiifuata, utafika Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kupewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kushinikiza biashara ya watumwa ifungwe. Mpaka hapo ni habari ya wamisionari. Endelea kufuata, kwa sababu waliojaza makazi hayo na ya Rabai wana habari yao, na ndani yake wamo wale walioitwa Wabombay: Waafrika waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa shule ya Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima wenye elimu na ufundi mikononi.

Jacob Wainwright alisoma shule hiyohiyo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Alikuwa kwenye msafara ulioubeba mwili hadi Bagamoyo, akafuatana nao Uingereza, na Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey. Aliandika shajara ya safari hiyo. Tulipokuwa shule tulikariri jina la Livingstone na tarehe zake, ila kwamba Mwafrika alikuwepo na kalamu yake, akiandika aliyoyaona, hatukuambiwa. Kitu kama hicho hukipati ukitafuta "historia ya Kenya". Unakipata ukishika jina la stendi ya matatu na kukataa kuliachia.

Kitabu kilichonibadilisha zaidi kinahusu bandari. Niliyofundishwa kuhusu Kilindini yalikuwa ya tani na gati. Wasomaji wengi wa Kiswahili tunaijua riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, inayosimulia mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948. Ni wangapi tunajua kwamba mwaka mmoja kabla yake Mombasa nzima ilisimama? Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa karibu wiki mbili. Makuli walikuwemo, wa reli walikuwemo, wa hoteli, wa maofisini, hata wapishi wa majumbani kwa Wazungu. Chege Kibachia akaja kuongoza chama chao, na Agosti mwaka huohuo serikali ikamkamata na kumpeleka Kabarnet, Baringo, mbali kabisa na bahari.

Niliyapata haya kwa Frederick Cooper, mwanahistoria wa Marekani, katika kitabu chake On the African Waterfront cha mwaka 1987. Tarehe za mgomo unaweza kuzipata kwingine. Kilichonikaa ni wazo lake juu ya kibarua. Kuli wa zamani aliajiriwa kwa siku. Leo anabeba magunia, kesho yuko shambani kwake ng'ambo, kesho kutwa anarudi akihitaji fedha. Kwa macho ya leo tungesema huyo ananyanyaswa, hana kazi ya uhakika, na kweli ujira ulikuwa mdogo na maisha ya mjini ghali. Lakini Cooper anaonyesha kwamba wakubwa wa kikoloni waliuogopa uhuru huohuo wa kuja na kuondoka, kwa sababu mtu mwenye pa kwenda hatishiki na mwajiri wake. Ndiyo maana wakasukuma pawepo wafanyakazi wachache, walioandikishwa, wa kudumu, wanaoweza kusimamiwa. Siku hizi tunalia kwamba hakuna ajira za kudumu bandarini, na kilio hicho ni cha haki. Mimi tangu nisome kitabu hicho nasikiliza mjadala huo kwa sikio jingine, nikijua kulikuwa na wakati mtu wa pwani aliikimbia kazi ya kudumu, akiwa na shamba la kumfanya aweze kukimbia. Shamba hilo liko wapi leo, na nani analimiliki? Swali hilo sikuwa nalo kabla.

Nyaraka nyingi alizozitumia Cooper ni za serikali, basi sauti za makarani na makamishna zinasikika kuliko za makuli wenyewe. Ukimaliza kitabu chochote, jiulize nani hakusema. Nilipojiuliza hivyo kuhusu Mombasa, jibu la kwanza lilikuwa wanawake.

Na hapa nina kitabu ambacho ningependa kila nyumba ya Mombasa iwe nacho. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 kikatoka kwa lugha waliyoisema wenyewe, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Hakuna gavana anayeongoza sura wala vita vinavyogawa miaka. Kuna harusi, unyago, talaka, watoto, na kumbukumbu za utumwa, jambo ambalo mitaani kwetu bado husemwa kwa kunong'ona. Na kuna lelemama, ngoma ya wanawake, pamoja na vyama vyake vilivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na karamu.

Hicho sikukisoma peke yangu. Nilikwenda nacho kwa shangazi yangu Kibokoni, baada ya alasiri, yeye akichagua mchele kwenye uteo, nami nikamsomea kwa sauti. Kurasa za mwanzo alikuwa akiitikia tu, "Ee, ndivyo." Nilipofika kwenye lelemama mkono ukasimama.

"Hebu rejea hapo nyuma, mwanangu."

Nikarejea. Akanisahihisha jinsi ya kutamka jina la chama kimoja. Kisha akasema, "Kushindwa hatukukubali sisi. Wao wakichinja mbuzi, sisi twachinja ng'ombe." Nikamuuliza fedha zilitoka wapi. Akaniambia mama yake aliuza bangili za dhahabu za mahari yake kulipia karamu moja, na mumewe hakujua mpaka siku ya ngoma alipoiona mikono yake mitupu. Alilieleza jambo hilo kwa fahari, bila majuto hata kidogo. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kulisikia. Bibi yangu, ambaye kwenye picha moja tuliyonayo ameketi kimya amejitanda buibui, alikuwa mtu wa kuuza dhahabu yake kwa ajili ya heshima ya chama. Kitabu hakikuwa na habari hiyo, ila bila kitabu nisingejua hata cha kuuliza. Ukipata kitabu kinachogusa enzi ambazo mzee wako alizishuhudia, usimalizie kusoma chumbani. Kipeleke kwake.

Nakuomba pia usiruke utangulizi, shukrani na tanbihi. Wengi huzipita kwa haraka kama abiria anayevuka Likoni na saa za kazi zimemfika, na mimi huko ndiko nimewakuta watu muhimu kabisa. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayaimba, tunayanukuu, yamo katika mitihani. Muyaka alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Miaka mia katikati yaliwekwa na nani? Fuatilia maelezo ya pembeni utamkuta Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu, na mmisionari W. E. Taylor aliyeshirikiana naye. Mwalimu Sikujua alistahili jina lake kwenye jalada.

Kuhusu enzi za Wareno nitasema kidogo, kwa kuwa ndizo zinazoandikwa sana. Soma angalau pande mbili za historia hiyo. Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageuka Wareno na kuiteka Fort Jesus. Kanisa lilikusanya ushahidi wa viapo kuhusu waliouawa, kwa nia ya kuwatangaza mashahidi wa dini, na ushahidi huo ukaja kuchapishwa kama kitabu. Nia ilikuwa moja, ila waliotoa ushahidi walipoanza kueleza walieleza mengi zaidi ya walichoulizwa. Upande mwingine, msome Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu. Aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake uliotawala Mombasa baada ya Wareno, na kitabu kikachapishwa mwaka 1995, wakati mwenyewe alifariki 1947. Karibu nusu karne kazi ya mwanachuoni wa hapa ilikaa ikisubiri, na sisi tukisomeshwa Mombasa kwa maandishi ya wageni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Vitabu hivi vingi havipatikani kwenye maduka ya kawaida, yanayouza zaidi vya shule. Anza na maktaba ya umma, waulize wahudumu, maana vya zamani mara nyingi viko nyuma, havikuwekwa rafuni. Vilivyochapwa karne ya 19, vya wasafiri na wamisionari, haki zake zimekwisha na utavipata bure kwenye intaneti. Pitia pia mabao ya vitabu vya mitumba bila kuwa na jina kichwani. Kama Kiingereza cha kitaaluma kinakuchosha, fungua faharasa mwishoni, tafuta mtaa wako au kazi ya babu yako, soma kurasa hizo tu. Hakuna anayekudai umalize.

Kwa sasa natafuta habari za watu wa pwani waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa kariakoo. Waliokwenda wameshaondoka wote, ila waliosimuliwa na baba zao bado wapo. Ukiwa na mzee wa namna hiyo, mwombe ruhusa kwanza, kisha umrekodi. Andika jina lake, mtaa, tarehe, na nani alimsimulia. Ukishaandika, mrudishie nakala aisome au asomewe kabla hujamwonyesha mtu mwingine, maana mengine atakuwa amekuambia wewe peke yako.