Jina la Riwaya Nililipata Ufuoni

Jarida lenu limeuliza wiki hii jinsi mwandishi anavyopata jina la riwaya yake, na ni furaha ipi ya uandishi iliyomjia bila kuitarajia. Kwangu mimi maswali hayo mawili yana jibu moja: jina nililipata kwa kuwasikiliza watu ninaowaandika, na kusikiliza huko kumenifurahisha kuliko kuandika kwenyewe.

Riwaya yangu inasimulia maisha ya wanawake wauzao omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Muswada ulikuwa na jina la muda tu, lenye ziwa na machozi ndani yake, ambalo lingefaa kitabu chochote cha huzuni. Nilirudi ufuoni kuhakikisha jambo la uvuvi, kwa kuwa omena huvuliwa usiku kwa taa zinazowavutia, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hupoteza nguvu, hivyo wavuvi wengi hupumzika hadi mwezi ufifie. Nikamsikia mama mmoja akimwambia aliyekuwa akimdai, "Nivumilie, dada, nitakulipa giza likirudi." Hakuna aliyeshangaa, maana pale kila mtu anajua kwamba karo, kodi ya nyumba na madeni ya dukani hungojea giza. Papo hapo riwaya ikapata jina: Giza Likirudi.

Jina zuri, kwa maoni yangu, humwachia msomaji kazi. Marehemu Ken Walibora alipoiita riwaya yake ya 1996 Siku Njema, alichukua nusu ya methali, na msomaji akaimalizia mwenyewe kwa "huonekana asubuhi", kwa hiyo kabla hajafungua kitabu alikuwa ameshaanza kujiuliza kuhusu asubuhi ya mhusika. Jina langu halina methali nyuma yake, lakini msomaji wa mbali ataliona kuwa tishio, na wa ufuoni ataliona kuwa ahadi, na mvutano huo ndio hadithi yenyewe.

Sikutarajia kwamba jina lingenisaidia hata kuhariri. Nilizipanga upya sura zifuate mwendo wa mwezi, nikaondoa kurasa zilizokuwa nzuri masikioni tu. Siku hizi huwasomea akina mama wale sura moja moja wanapoanika omena, nao hubishana kuhusu mhusika mkuu kana kwamba ni jirani yao. Mmoja amekataa katakata kwamba mchuuzi mwenye akili angemkopesha shemeji yake pesa za kununulia mzigo mpya, na kwa hoja yake sura hiyo sasa naiandika upya.