Kabla ya Kulipia Upekuzi: Ushauri kwa Wanaoanza Kutafuta Ukoo katika Kumbukumbu za Serikali

Mtu anayeanza kutafuta historia ya familia yake katika kumbukumbu za serikali huuliza kwanza ada ni kiasi gani. Swali hilo ni la haki, lakini huulizwa mapema mno. Kwa kawaida kinacholipiwa ni kazi ya kutafuta, si matokeo. Kwa hiyo anayepeleka jina la babu kwenye ofisi ambayo haikuwahi kuwa na sababu ya kumwandika babu huyo hulipa sawa na anayefika akiwa na namba ya shauri mkononi, kisha huondoka na jibu kwamba jina halikuonekana. Katika miaka ambayo nimewasaidia jamaa na marafiki kufanya kazi hii, nimeona fedha nyingi zaidi zikipotea hapo kuliko kwenye ukubwa wa ada zenyewe. Kabla ya bei, jiulize ni nani aliyelazimika kumwandika mtu wako, na alimwandika kwa ajili ya nini.

Wengi hukimbilia daftari za vizazi na vifo. Kwa Tanzania Bara daftari hizo ziko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanzishwa mwaka 2006 ukachukua nafasi ya iliyokuwa ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Kwa Zanzibar ziko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliotokana na sheria ya mwaka 2018. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, na anayeuona mwaka huo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba bibi aliyezaliwa mwaka 1935 lazima awemo daftarini. Sivyo. Utawala wa kikoloni uligawa wajibu wa kusajili kwa asili ya mtu, na kwa miongo mingi wajibu huo haukuwafikia Waafrika walio wengi, hasa wa vijijini. Kenya nako usajili wa lazima kwa Waafrika ulianza kupanuliwa wilaya kwa wilaya mwaka 1963, ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Ikiwa mtu wako alizaliwa kabla ya hapo nje ya mji, usianze kwa kulipia upekuzi wa kizazi chake; anza na kifo chake kama alifariki katika miaka ya karibuni, kwa sababu kibali cha mazishi, mafao na mirathi huwalazimisha walio hai kusajili hata kama marehemu mwenyewe hakuwahi kusajiliwa alipozaliwa.

Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa kwa kuchelewa nacho kinahitaji tahadhari. Cheti cha mzee kilichopatikana miaka ya 1980 kwa ajili ya ajira au pasipoti hakithibitishi kilichotokea siku ya kuzaliwa; kinathibitisha kile ambacho familia ilikiapa siku ya kuomba. Tarehe ya 1 Januari au 1 Julai mara nyingi huashiria makisio. Ndiyo maana mimi huthamini zaidi fomu ya maombi na kiapo vilivyoambatanishwa kuliko cheti chenyewe, kwa kuwa humo ndimo hutajwa jina la aliyetoa taarifa na uhusiano wake na mhusika. Mjomba anayeapa kwa niaba ya mpwa wake anakuonyesha upande wa mama ambao cheti hakiuelezi.

Sababu za serikali kumwandika mwananchi wa kawaida zilikuwa chache, na nyingi hazikuwa za kumtendea wema. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba kwa agizo la mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawavisha wanaume wa Kiafrika kipande, yaani kitambulisho kilichobeba alama za vidole na majina ya waajiri. Mtu aliyekuwa karani, askari polisi, mwalimu wa shule ya serikali au mfanyakazi wa reli aliacha jalada la utumishi. Aliyegombea shamba aliacha jalada la mahakama. Mkulima asiyewahi kushtakiwa wala kuajiriwa huenda asionekane popote ila katika orodha ya kodi, tena orodha hizo hazikutunzwa kila mahali. Ni vyema kulitambua hilo mapema, maana halitokani na uzembe wa mtunza nyaraka uliyekutana naye.

Kama ningelazimika kumshauri mgeni wa kazi hii aende mahali pamoja tu, ningempeleka kwenye jalada la mirathi. Tanzania Bara mirathi ya watu wengi, ile inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na jalada lake hubeba mambo ambayo hakuna daftari jingine huyaweka pamoja: muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi, orodha ya warithi pamoja na uhusiano wao na marehemu, cheti cha kifo, orodha ya mali, na pale palipotokea ubishi, maelezo ya mashahidi waliosimama mbele ya hakimu na kueleza nani alimzaa nani, katika ndoa ipi, na mahari ililipwa au haikulipwa. Shangazi ambaye nyumbani hazungumzi kamwe juu ya mke wa kwanza wa babu, mahakamani alizungumza, tena kwa kiapo. Ili kulipata jalada unahitaji namba ya shauri na mwaka; usipokuwa nayo, ulizia daftari la kusajilia mashauri ya mirathi la mahakama iliyo karibu na mahali marehemu alipokuwa akiishi, wala si mahali alipozaliwa, kwa kuwa kosa hilo la kuchanganya makazi na asili ndilo linalowapotezea watu muda mwingi. Peleka barua inayoeleza uhusiano wako na marehemu na sababu ya kuomba, na uwe tayari kuambiwa kwamba jalada lenye mgogoro unaoendelea halisomwi ovyo.

Kabla hata ya kufika mahakamani, yapo yanayosomeka bure. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya, linalochapishwa tangu mwaka 1899, limewekwa mtandaoni kwa sehemu kubwa sana na linatafutika kwa jina. Humo yamo matangazo ya mirathi, yakitaja jina la marehemu, mahali na tarehe ya kifo, na jina la mwombaji pamoja na uhusiano wake na marehemu, bila kusahau matangazo ya kubadili jina na ya hati za ardhi zilizopotea. Hukumu za mahakama za Kenya ziko wazi katika tovuti ya Kenya Law, na za Tanzania katika TanzLII. Ni hukumu za mahakama za juu zaidi kuliko za mwanzo, lakini rufaa ya mirathi husimulia upya kisa chote kuanzia Mahakama ya Mwanzo na hutaja namba ya shauri la awali, yaani namba ile ile ambayo ungelipia ili utafutiwe. Andika jina kwa kila namna linavyoweza kuandikwa: Mohamed, Muhammad, Mohamedi; Saidi na Said; na majina ya bara yaliyopitia kalamu ya karani wa Kijerumani kabla ya kupitia ya Mwingereza.

Nyaraka za zamani zaidi ziko katika hifadhi za taifa. Hifadhi ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1963 na ambayo kwa muda mrefu imekuwa Upanga, Dar es Salaam, leo inaongozwa na sheria ya mwaka 2002, na kanuni ya kawaida ni kwamba jalada hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Kenya inafuata miaka 30 vilevile. Muda huo si kigezo pekee, kwani jalada linaweza kubaki limefungwa kwa sababu za usalama au za faragha, lakini unatosha kukuonyesha kwamba utumishi wa baba aliyestaafu juzi hautaupata huko. Utaupata, ukiupata, kwa mwajiri wake. Katika hifadhi ya Dar es Salaam wanaotafuta ukoo waombe mapema vile vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza walivijaza kwa habari za koo za watemi na machifu, mila za urithi na mipaka ya vijiji. Vina upendeleo mkubwa kwa watawala na kwa wanaume, na nasaba nyingi zilizomo zilitolewa na upande ulioshinda, kwa hiyo visomwe kama ushahidi wa madai ya wakati ule.

Zanzibar ni habari nyingine, na kwa watu wa pwani huenda ndiyo hazina kubwa kuliko zote. Hifadhi ya Kilimani ina nyaraka za ubalozi mdogo wa Uingereza, za sekretarieti, za mahakama, za wakfu, pamoja na hati za mauzo na rehani za nyumba na mashamba. Kuna pia kumbukumbu zinazohusu watumwa walioachwa huru baada ya amri ya mwaka 1897, ambayo iliwaruhusu kudai uhuru wao mahakamani lakini fidia ikawapa mabwana, si wao. Anayetafuta humo ajue kwamba mtu huyo huyo anaweza kuitwa kwa jina la bwana wake katika hati moja na kwa kabila, kama vile Mnyasa au Mmanyema, katika hati nyingine, na kwamba tarehe zinaweza kuwa za Hijria na maandishi yakawa ya herufi za Kiarabu. Kumlipa mtu anayejua kusoma maandishi hayo ni matumizi bora ya fedha kuliko kulipia nakala ambazo hutaweza kuzisoma.

Sasa tuje kwenye ada. Viwango hubadilika, kwa hiyo visomwe katika tangazo la ofisi yenyewe siku unapokwenda, wala visichukuliwe kwa mtu aliyekwenda zamani. Uliza mambo matatu tofauti: ada ya kusoma, ada ya upekuzi unaofanywa na mtumishi, na ada ya nakala. Kisha uliza kama nakala ya kawaida inatosha, kwa maana nakala iliyothibitishwa kwa muhuri ni ya mahakama, pasipoti na benki, na mtafiti wa ukoo huihitaji kwa nadra. Uliza pia kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu na kama picha zinatozwa. Tanzania malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na Kenya kwa sehemu kubwa hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni; anayekutaka umpe fedha mkononi ili faili lionekane haraka hakutozi ada, na stakabadhi hutaipata.

Sheria nayo ni ya kuijua kabla ya kubishana kaunta. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Kenya inakataza kutoza ada kwa kule kuwasilisha ombi, ikiruhusu gharama za kutoa nakala tu, na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ya Tanzania inatoa siku 30 na inaruhusu ada iliyowekwa kisheria. Zote mbili zinawahusu raia, jambo ambalo ndugu walioko Oman, Uingereza au Marekani wenye uraia wa huko hulisahau, na kwao ni rahisi zaidi ombi liandikwe na jamaa aliye nyumbani. Dhidi ya haki hiyo zimesimama sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, na kwa maoni yangu ni sawa mtumishi asite unapoomba habari za binamu aliye hai.

Ukielekezwa nje ya Afrika, kumbuka kwamba kadi ya msomaji katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, ni bure na kupiga picha kwa kamera yako ni bure, ilhali kuagiza nakala kutoka mbali kunagharimu sana. Humo limo kundi la FCO 141, majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru na kuanza kufunguliwa mwaka 2012. Usitarajie, hata hivyo, kumkuta kila askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kwa jina lake, sembuse mpagazi wa Vita vya Kwanza.

Popote utakapoambiwa kwamba jina halikuonekana, omba jibu hilo kwa maandishi, likitaja daftari zilizopekuliwa, miaka iliyohusika na tahajia zilizotafutwa, kisha uliweke pamoja na stakabadhi yake, ili wewe au ndugu yako atakayeomba baadaye asilipie tena miaka ile ile.