Barua kwa Mwanangu: Mtoto Asikaririshwe Darasa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema mwalimu anataka mjukuu wangu akariri darasa la tatu kwa sababu hajui kusoma, nawe unaniuliza kama ukubali, halafu chini kabisa umeongeza, "Au amerithi uvivu wangu?" Nitaanza na hilo la chini, kwa kuwa ndilo lililoninyima usingizi.

Hukuwa mvivu. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, katika vyumba vyenye watoto zaidi ya 80, na wewe mwenyewe ulipita mikononi mwangu. Nilikuona ukiimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, nikadhani unasoma, kumbe chati yote ulikuwa umeishika kichwani kama wimbo. Nilipoigusa silabi ya katikati kwa fimbo ulinyamaza, nami nikaipa fimbo ileile kazi nyingine. Naomba unisamehe. Wenzako walipocheza kinyume uani, ule mchezo wa kupindua silabi za neno, kalamu ikawa mukala na wote wakacheka, wewe uliwaacha ukaenda kwenye baiskeli ya marehemu baba yako, ambayo ulikuwa ukiifungua vyuma vyote na kuirudishia ukiwa na miaka minane tu. Yote hayo niliyaona, na sikuyaelewa.

Hali hiyo, ya mtoto mwenye akili timamu kupata shida kubwa ya kusoma na kuandika, inaitwa disleksia. Haihusiani na upungufu wa akili, na ingawa ni vyema mtoto apimwe macho na masikio kwanza, chanzo chake hakimo humo. Kwa walio wengi shida iko katika namna ubongo unavyozitenga sauti za neno na kuzioanisha na herufi, kazi ambayo sisi wengine huifanya bila hata kujua kwamba tunaifanya. Huonekana sana katika ukoo mmoja, kwa hiyo katika hilo la kurithi huenda hukukosea, ila kilichorithiwa umekipa jina baya. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu, ambaye jina lake Percy aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni lau mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo.

Kiswahili chetu huificha hali hii. Kwa kuwa herufi zake hazibadili sauti ovyo, mtoto wa namna hii hatimaye huambulia kusoma, lakini polepole mno. Hukwama kwenye mb, nd, ng na ng', na neno refu kama "hawakutuandikia" humchosha kabla hajalimaliza, hata maana ya sentensi nzima ikampotea. Ndiyo maana darasa la saba ulipenya kwa shida, kisha ulipoingia kidato cha kwanza Kiingereza, ambacho herufi moja ina sauti hii hapa na sauti nyingine pale, kikakuangusha. (Akichanganya b na d, hilo peke yake lisikutishe, watoto wengi wadogo huzichanganya, kisha wakaacha.)

Sasa swali lako. Usikubali. Kukariri darasa ni kumrudishia mafundisho yaleyale yaliyokwisha kumshinda, na kumwongezea aibu ya kukaa na wadogo zake. Anachohitaji ni kufundishwa sauti moja baada ya nyingine, waziwazi na kwa mpangilio, bila kuruka mbele kabla ya ile ya kwanza kukaa. Anza na dakika 15 kila jioni. Mwambie aseme "kalamu" bila "ka"; aiandike herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka; neno refu mfunikie kwa karatasi, ulifunue silabi kwa silabi. Hadithi msomee wewe, ili ujuzi wake wa maneno usidumae kwa kusubiri macho yake yazoee herufi.

Kwa mwalimu nenda kwa upole, maana najua mzigo alionao. Mwombe asimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa nafasi ya kujiandaa, asimpime kwa kunakili ubaoni, na katika sayansi na maarifa ya jamii amuulize kwa mdomo aone anachokijua. Muulize pia mwalimu mkuu kama yupo mwalimu wa elimu maalumu hapo jirani, na mapema, si mwezi wa mtihani, uulize utaratibu wa kuongezewa muda.

Likizo ya Juni mlete kwangu. Chati ya silabi usinunue. Nimeanza kukata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi, na nitazichanganya kila siku ili asipate mwanya wa kuziimba.

Mama yako