Wasomaji Wanauliza: Ahadi ya Mazingira Ishikwe Vipi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa. Mwaka jana tuliitisha mkutano, wakazi wakaelezwa athari za mabadiliko ya tabianchi, na karibu wote wakanyoosha mikono kuahidi kwamba watatunza mazingira. Hadi leo taka zinachanganywa, taa zinawaka mchana kutwa na koki zinadondosha maji. Tumekosea wapi? Je, tuwatoze faini waliovunja ahadi?

JIBU: Ndugu Katibu, ahadi ni deni, lakini deni lisilotajwa kiasi wala siku ya kulipwa ni vigumu kulidai, na ndivyo ilivyo ahadi ya “nitatunza mazingira”. Haimwambii mtu afanye nini anaporudi nyumbani jioni amechoka. Ilinganishe na hii: “Kila jioni nikimaliza kupika, maganda na mabaki nitayatia katika ndoo yenye kifuniko, mbali na plastiki na karatasi.” Humo mna wakati, chombo na kitendo, na mwenye ahadi anajua pasipo kuulizwa kama ameitimiza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba anayepanga mapema atatenda lini, wapi na kwa namna gani hutimiza azma yake mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake.

Kwa hiyo msiwape wakazi tamko moja la kutia saini. Wapeni orodha fupi, kila kaya ichague jambo moja au mawili na kuliandika kwa maneno yake yenyewe, na orodha hiyo ianze na mambo yenye uzito. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Chakula hicho kikioza jalalani pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha kabonidioksidi. Yafuate mambo yanayofanywa mara moja yakaisha, maana hayo hayategemei kumbukumbu ya mtu: koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kipande kidogo cha mpira kilichochakaa ndani yake.

Ahadi hizo zibandikwe mahali pa wazi, kwa ridhaa ya wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1976, Pallak na Cummings waliona kwamba kaya zilizokubali majina yao yatangazwe zilidhibiti matumizi ya nishati kuliko zile zilizohakikishiwa kwamba majina yao yatafichwa. Hata hivyo, jihadharini na lugha ya kulaumu. Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, ambako wageni huokota vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe: bango lililolalamika kwamba wageni wengi waliotangulia walichukua vipande hivyo lilifuatwa na wizi mwingi kuliko lile lililoomba tu visichukuliwe. Kila mnaposimama mkutanoni na kusema kwamba wengi wanachanganya taka, mnawaambia wakazi kuwa hiyo ndiyo desturi ya mtaa. Waelezeni badala yake ni kaya ngapi zimeanza kutenganisha, na waacheni wenyewe waeleze wamewezaje.

Kuhusu faini, ushauri wangu ni kwamba msiitoze. Mjini Haifa, Israel, vituo kadhaa vya kulelea watoto vilianza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Ucheleweshaji ukaongezeka, na faini ilipofutwa haukurudi kama ulivyokuwa. Gneezy na Rustichini, walioandika matokeo hayo mwaka 2000, waliona kwamba wazazi waliichukulia faini kama bei ya huduma. Aliyeahidi kwa hiari anasukumwa na heshima yake, na itakuwa hasara kubwa kuibadilisha heshima hiyo kwa fedha.

Ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni wajibu wa kamati yenyewe. Mkazi aliyetenga taka zake kwa uangalifu juma zima, kisha akaona gari moja likizimwaga zote pamoja, hatarudia, wala hapaswi kulaumiwa. Kamati nayo iandike ahadi zake kwenye ubao huohuo: siku ya kukusanya kila aina ya taka, mahali pa kutengenezea mboji, na jina la anayeshughulikia malalamiko.

SWALI: Viwanda vinachafua hewa kuliko sisi sote. Ahadi ya mtu mmoja ina faida gani?

JIBU: Manung’uniko yako yana msingi, na nisingependa mtu yeyote atumie ahadi za wananchi kama pazia la kuwafichia wachafuzi wakubwa. Lakini Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachotathmini tafiti za wanasayansi, lilieleza mwaka 2022 kwamba mabadiliko katika matumizi, yakiambatana na sera, miundombinu na teknolojia zinazoyawezesha, yanaweza kupunguza gesi joto katika sekta husika kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050, ikilinganishwa na hali ya kuendelea kama ilivyo sasa. Sera, miundombinu na teknolojia hizo haziji bila kudaiwa, na wanaozidai kwa nguvu ni watu waliokwisha kuzoea kutenda pamoja. Vuguvugu la Green Belt la Wangari Maathai lilianza mwaka 1977 kwa wanawake kupanda miche. Mwaka 1989 Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo refu lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na mradi huo ukaachwa. Chagua basi ahadi mbili, moja ya nyumbani kwako na nyingine ya kuhudhuria kikao ambacho viongozi wenu wanaamua habari za usafiri, nishati na taka, ukiwa na swali lako umeliandika.